Fungu Langu Moja

Baba alipokufa, shamba lilipimwa kwa kamba:
Hilali mafungu mawili, mimi moja,
kama ilivyoandikwa, wala sikuguna.
Langu liko chini, maji yanakofika yamechoka,
kwenye majaruba ambayo jua la Bahla
huyaacha na weupe wa chumvi ukingoni
kama midomo ya mfungaji saa kumi alasiri.

Zamu yangu ya falaji ni athari mbili.
Kwa mama, aliyezaliwa Wete akaletwa huku na sanduku moja,
athari ni kile kinachobaki jambo likishapita.
Huku ni nusu saa ya maji.
Nimeishi na maana zote mbili:
saa nane ya usiku nazibua tundu, natoa tambara na jiwe,
tochi mdomoni, nahesabu.

Oktoba ile nilimwambia dereva wa trekta arudi.
Mabua ya ngano yalikuwa yamesimama tangu Aprili,
makavu, ya kijivu, yamefika magotini.
"Mama, nimeshashusha plau."
"Ipandishe."

Tukapanda dengu katikati ya mabua, kwa kijiti na kidole,
mimi na Shafiqul. Kwao Barisali, alisema,
mpunga ukingali shambani
watu hurusha mbegu za dengu kwenye matope.
Hakuna anayelima. Hakuna anayecheka.

Hapa walicheka. Shamba la mwanamke asiyefagia.
Hilali, kikombe cha kahawa mkononi, mbele ya wageni:
"Dada yangu ameacha kulinyoa shamba."

Sitadanganya, mwanzo ulinipiga.
Mchwa walikuja kwenye mabua kama walioalikwa.
Ngano iliyofuata: magunia manne, nami nilizoea sita.
Usiku nilizivua bangili, nikazipima kwa macho,
nikazivaa tena.

Nilikuwa na spoku ya baiskeli. Naichomeka ardhini
palepale, chini ya mtende wa tatu.
Mwaka wa kwanza iliingia pingili moja ya kidole,
kisha ikagonga, kama inagonga sinia.
Mwaka wa pili, kiganja.
Kitunguu saumu kikafuata ngano, dengu zikafuata kitunguu,
samadi ya mbuzi juu, haikufukiwa,
na mbolea ya gunia nikaipunguza
kijiko kwa kijiko, kama sukari ya mgonjwa.
Mwaka wa tatu maji yalifika jaruba la mwisho
na athari ya pili haijaisha.
Nilikaa gizani na dakika sita nisizojua pa kuzipeleka.

Hilali hulima mara tu akivuna,
alipindue shamba liive juani.
Juni ikaja na gharbi, siku tatu, milango imefungwa,
mchanga kwenye meno, kwenye wali.
Siku ya nne nikatoka.
Mabua yangu yalikuwa yamezama mpaka nusu
kwenye vumbi laini, jekundu kuliko langu.
Upepo ulikuwa umegawa mirathi upya
bila kadhi, bila kamba.

Hakusema kitu mpaka Januari, dengu zikiwa na maua.
Akaja na kanzu yake nyeupe, akasimama mpakani.
"Nimekuja kudai udongo wangu."
Sikujua kama anatania.
"Chukua. Chambua tu, huu wako, huu wangu."

Akachuchumaa. Akang'oa mche.
Mizizi ikatoka na bonge la ardhi lililogoma kuanguka,
na juu ya mizizi vinundu, kama mchele uliomwagika.
Akakibana kimoja kwa ukucha.
Ndani mlikuwa mwekundu.
"Hii nini, damu?"

Shafiqul aliinua kichwa kule mferejini, akainama tena.
Mimi nilinyamaza.
Hilali akaurudisha mche shimoni, akaushindilia kwa kiganja.
Haisaidii, dengu iking'olewa haiponi,
lakini nilimwacha ashindilie.
Kisha akauliza, bila kunitazama,
kile kijiti cha kupandia
kina urefu gani.